Mchwa wamekula sanduku la vitabu: je, nibaki na vya kwenye tableti tu?

*Swali:* Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia. Nimefundisha Kondoa miaka kumi na minne na sasa nimehamishiwa Mpwapwa. Nina vitabu vya karatasi kama mia tatu. Wakati nafungasha nimekuta mchwa wamekula sanduku zima lililokuwa sakafuni, na kati ya vilivyoguswa imo kamusi ya marehemu baba yangu, toleo la 1981, ambayo aliijaza maneno ya Kigogo pembeni. Binti yangu anasoma UDOM. Ananiambia niuze vyote, ninunue tableti, vitabu vitakaa humo. Nina miaka 52 na macho yameanza kuchoka, kwa hiyo sikumkatalia. Lakini kulipia kitabu kilekile mara mbili naona ni kutupa hela. Halafu, mtu aliyekwisha kununua kitabu cha karatasi hana haki ya kupewa softikopi yake? Naomba ushauri.

*Jibu:*

Mwalimu, mbukwenyi, na pole sana. Nimekuwa mkutubi hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka ishirini, na najua moyo unavyoshtuka mtu anaponyanyua kitabu ambacho jalada ni zima, mgongo ni mzima, kumbe ndani ni udongo mtupu.

Natanguliza jibu ili usije ukauza kitu kabla hujanisoma hadi mwisho. Usiviuze vyote, wala usivisafirishe vyote. Kaa chini na mafungu yako, shika kimoja kimoja, na kila kimoja kiulize swali hili tu: hiki kikipotea leo, nitakipata wapi?

Wanaobishana kuhusu karatasi na simu kwa kawaida ni watu ambao kitabu chochote wanachokitaka wanakipata kwa njia zote mbili. Kazi yao ni kuchagua kinachowapendeza. Sisi wasomaji wa Kiswahili hatujafika huko. Riwaya na tamthilia nyingi zilizotoka miaka ya sabini na themanini zilichapwa mara moja au mbili, zikaisha dukani, na hakuna aliyezirudia. Ukizitafuta mtandaoni unaona picha ya jalada, pengine jina tu kwenye orodha ya maktaba ya chuo kikuu cha nje. Vitabu vya namna hiyo ukivipeleka kwa wauza vitabu vya mitumba, utapewa hela ya nauli ya bodaboda, na siku ukivihitaji kwa somo la fasihi hutavipata kwa bei yoyote. Hivyo ni vya kuhama na wewe, hata kama karatasi imekuwa rangi ya chai.

Sasa angalia upande wa pili. Vitabu vya kiada vya sasa vinapatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na unavisoma bure. Sheria na taarifa rasmi za majadiliano ziko kwenye tovuti ya Bunge. Vitabu vikubwa vya historia vya Kiingereza, vile vyenye kurasa mia saba, kwa kawaida vinapatikana kama faili. Ripoti, mihtasari ya zamani, majarida uliyoyapewa semina: haya ndiyo yanayokula nafasi kwenye maboksi yako na ndiyo ya kuyaacha. Kitabu cha wastani kina uzito wa robo kilo hadi nusu kilo, kwa hiyo vitabu vyako mia tatu ni kama kilo mia moja. Nakuhakikishia kwamba ukifanya mchujo huu kwa uaminifu, utafunga lori dogo zaidi kuliko unavyodhani.

Lakini kabla hujamwaga chochote kwa kuwa "kipo kwenye simu", yafaa ujue unapokinunua kitabu cha kwenye simu unanunua nini hasa. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, na mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa.

Kitabu cha karatasi ukishakilipia ni chako kama jembe lilivyo lako. Unakiazimisha, unakiuza, unamrithisha mwanao. Huko Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1908. Mchapishaji alikuwa ameandika ndani ya kitabu chake kwamba hakiruhusiwi kuuzwa chini ya dola moja, na duka kubwa la New York likakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mchapishaji akishauza nakala yake, bei ya kuiuza tena haimhusu. Kwa faili mambo ni mengine kabisa. Unapobonyeza neno "nunua" kwenye maduka mengi makubwa ya mtandaoni, unachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kusoma kwa masharti ya duka. Uholanzi kulikuwa na kampuni iliyotaka kuuza vitabu vya kielektroniki vilivyokwisha kutumika, kama mitumba ya mafaili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua Desemba 2019 kwamba haiwezekani bila idhini ya wenye hakimiliki. Na tangu Januari 2025 jimbo la California linayataka maduka ya namna hiyo yasitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni. Wabunge wa huko waliona watu wanalipa wakidhani wamepata mali.

Ruhusa inaweza kuondolewa. Julai 2009 wasomaji kadhaa wa Marekani waliamka wakakuta vitabu viwili vya George Orwell walivyolipia vimefutwa kwenye Kindle zao, yaani vifaa vya kusomea vitabu vya duka la mtandaoni la Amazon. Kimojawapo ndicho kile tunachokijua kwa Kiswahili kama *Shamba la Wanyama*. Amazon iligundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo, ikavifuta kwa mbali na kurudisha fedha. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Michigan alikuwa amechukua maelezo yake ya mazoezi ya likizo ndani ya kile kingine, *1984*. Maelezo yalibaki, lakini kitabu yalikoelekea hakikuwepo, kwa hiyo hayakumfaa kitu. Amazon iliomba radhi. Miaka kumi baadaye, 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Julai mwaka huo vitabu vyote vilivyouzwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha zao, na waliokuwa wameandika maelezo ndani ya vitabu waliongezewa dola 25.

Hizo dola 25 nimezifikiria sana, Mwalimu, kwa sababu ya kamusi ya baba yako. Kampuni ilikiri kwamba maandishi ya pembeni ni kitu cha thamani, kisha ikayawekea bei moja kwa kila mtu. Baba yako aliandika maneno ya Kigogo kando ya maneno ya Kiswahili, kwa kalamu yake, kwa miaka. Masharti ya maduka mengi hayaruhusu hata akaunti kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Angekuwa ameyaandika kwenye kitabu kilicho ndani ya akaunti ya duka, na paswedi akaondoka nayo, leo usingekuwa na cha kuniuliza.

Kwa hiyo umwambie binti yako kwamba tableti siikatai. Ninachokikataa ni kuhamisha maktaba nzima ya nyumba kwenye akaunti ya mtu asiyekujua.

Sasa suala la haki ya kupewa softikopi. Kwa jumla, haki hiyo hakuna. Unaponunua nakala ya karatasi umenunua nakala hiyo tu. Amazon iliwahi kujaribu kitu kinachokaribia wazo lako: kuanzia 2013 mteja aliyewahi kununua kitabu cha karatasi kwao, hata tangu 1995, aliweza kupata cha kielektroniki kwa dola 2.99 au chini ya hapo, wakati mwingine bure. Ni baadhi tu ya vitabu vilivyoingizwa katika mpango huo, nao ulifungwa mwaka 2019. Mimi nilisikitika, kwa sababu hilo ndilo jambo la haki zaidi lililowahi kufanywa na duka la vitabu kwa msomaji wa kawaida. Lakini kukosekana kwa haki hakukuzuii kuomba. Mwandikie mchapishaji wa hapa nyumbani, mweleze umenunua nakala yake na macho yako yanachoka, umuulize kama anaweza kukuuzia faili kwa bei nafuu. Wachapishaji wetu ni wachache na barua kutoka kwa msomaji ni kitu adimu mezani kwao. Nimewahi kuona ombi la namna hiyo likijibiwa kwa ukarimu.

Kuhusu kundi la WhatsApp ambalo binti yako bila shaka analo, lenye PDF za vitabu mia: sitajifanya silijui. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Kupiga picha kitabu chako mwenyewe ili ukisome kwa herufi kubwa, na kukituma kwa watu mia mbili, ni mambo mawili yasiyokaa kapu moja. Mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache mno. Kila kundi likijaa, anayesita kuchapa kitabu cha pili ni mchapishaji yuleyule tunayemlilia kwamba harudii vile vya zamani.

Tuje kwenye macho. Hapa binti yako ana hoja nzito na nataka umsikilize, ila kuna kitu hajakuambia. Mafaili ya vitabu hayafanani. Kuna PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine. Ndiyo maana ni nzuri kwa kuchapa na mbaya kwa macho: ukikuza herufi, ukurasa wote unakua, mstari unatoka nje ya kioo, unaanza kusukuma kwa kidole kushoto na kulia hadi unachoka. Kuna EPUB, iliyokuja 2007. Hiyo maneno yake yanajipanga upya kufuata kioo. Ukiongeza ukubwa wa herufi mara tatu, mistari inakuwa mifupi, kurasa zinakuwa nyingi, na wewe unaendelea kushuka tu. Kwa mtu wa miaka 52 hiyo ndiyo tofauti kati ya kusoma na kuteseka. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua EPUB. Na kabla ya kulipa popote muulize muuzaji: unanipa faili nilitunze mwenyewe, au nitasomea kwenye programu yako tu? Faili lisilo na kufuli ndilo linalokaribia kuwa mali. Tangu 26 Februari 2025 hata Amazon iliondoa ile njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamishia kwenye Kindle kwa waya, kwa hiyo usidhani utakuja kuvitoa baadaye.

Ukiwa na uwezo, kifaa cha wino wa kielektroniki kinafaa kuliko tableti. Kioo chake hakimuliki machoni kama cha simu, kinasomeka juani pale uwanjani wakati wanafunzi wako wanacheza, na kwa kuwa kinatumia umeme hasa pale unapogeuza ukurasa, chaji hukaa wiki kadhaa. Umeme ukikatika Mpwapwa hutahangaika.

Hata hivyo usiwe na haraka ya kuhamishia kila kitu kwenye kioo. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 na kulinganisha watu waliosoma matini ileile kwenye karatasi na kwenye kioo. Waliosoma kwenye karatasi walielewa vizuri zaidi, hasa matini za maarifa na hasa muda ulipokuwa umebana. Kwa hadithi tupu, tofauti haikuonekana. Naona jambo hilo kila siku maktabani: mwanafunzi anayejiandaa na mtihani anasoma kwenye simu hadi saa nne usiku, kesho yake anakuja kuomba kitabu. Kwa hiyo riwaya unayoisoma kwa burudani kwenye treni ya kwenda Dar iweke kwenye kifaa bila wasiwasi. Kitabu cha historia unachotungia mtihani kiwe cha karatasi, mezani, na penseli mkononi.

Na hapo ndipo nakujibu kuhusu kulipia mara mbili. Kwa vitabu mia tatu ni ufujaji, kweli. Kwa vitabu kumi au kumi na tano si ufujaji. Kila mwalimu ana vile anavyorudi kwake kila muhula: kamusi, kitabu kimoja au viwili vya sarufi, historia unayoitegemea, diwani unayoipenda. Hivyo viwe navyo pande zote mbili, kwa sababu adui zao hawafanani. Mchwa hawali faili. Faili linaliwa na paswedi iliyosahauliwa, simu iliyoangukia kwenye ndoo, duka lililofungwa, na hayo yote hayagusi karatasi iliyo kabatini. Kitabu kilicho pande zote mbili ili kipotee ni lazima mikosi miwili isiyojuana ikufike siku moja. Tena unapata kitu cha ziada: kwenye faili unatafuta neno na unalipata kwa sekunde moja, kisha unafungua karatasi ukurasa uleule na kusoma kwa utulivu. Mimi na kamusi yangu ndivyo tunavyoishi.

Sasa mchwa wenyewe, maana unahama na huko uendako wapo. Watu wengi hufikiri adui wa kitabu hapa kwetu ni joto na vumbi. Ukweli ni kwamba ukame wa Dodoma unaisaidia karatasi. Wenzetu wa Tanga na Zanzibar wanapambana na ukungu mwaka mzima kwa sababu ya unyevu wa bahari; sisi mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki karatasi inakaa kavu. Kinachoteseka na ukavu ni gundi ya mgongo, ndiyo maana vitabu vya bei rahisi vinaachia kurasa ukivifungua kwa nguvu. Vumbi linazuilika kwa kabati la vioo au kitenge kilichotundikwa mbele ya rafu. Adui wa kweli ni mchwa, na kwao boksi la karatasi lililowekwa sakafuni ni karamu: boksi lenyewe ni chakula, chini yake kuna giza na unyevu kidogo, na hakuna anayelisogeza.

Mchwa hawapendi mwanga na hukauka upesi wakiwa wazi, ndiyo maana hujenga vile vichochoro vya udongo ukutani ili wapite ndani yake. Hicho kichochoro ndicho kengele yako. Rafu isiguse ukuta. Acha nafasi ya upana wa kiganja ili uone nyuma yake. Vitabu visikae sakafuni hata usiku mmoja wa kuhama. Kama rafu ni ya mbao, weka miguu yake ndani ya makopo yenye oili chafu, kama wanavyofanya mafundi wengi, na makopo hayo usiyaache yakajaa vumbi hadi yakawa daraja. Ya chuma ni bora. Halafu kila Jumamosi, wakati wa kufagia, pitisha mkono kwenye vitabu vya chini na uvitoe viwili vitatu uvipekue. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakaanza kuruka, pekua mara mbili zaidi, maana kumbikumbi ni mchwa walioota mabawa wakitafuta mahali pa kuanzisha makazi mapya. Rafu ya chini kabisa weka vile ambavyo vikiliwa hutalia.

Kwa safari, tumia maboksi madogo. Boksi kubwa likijaa vitabu halibebeki, litaburutwa, na chini litapasuka. Vitabu vilale au visimame, visiinamishwe. Na maboksi yaliyowahi kukaa na mchwa yachomwe, usiyapeleke Mpwapwa.

Kuna vile adimu ambavyo havipo mtandaoni na vimebaki nakala yako. Hivyo vitengenezee nakala tepe, yaani softikopi, mwenyewe. Usivipeleke steshenari vikakandamizwe kwenye mashine hadi mgongo ukavunjika. Simu yenye kamera nzuri inatosha: weka kitabu karibu na dirisha mchana, kisifunguke zaidi ya kinavyotaka, piga kurasa mbili mbili kutoka juu. Kitabu cha kurasa 250 ni picha 125, kazi ya jioni moja. Programu za kuskani za simu zitanyoosha kurasa na kuziunganisha kuwa PDF. Ukitaka maneno yatafutike, ipo programu ya bure iitwayo Tesseract, yenye uwezo wa kusoma herufi za Kiswahili, na vijana wa kompyuta pale UDOM hawatashindwa kuitumia. Faili lipe jina linaloeleweka, mwandishi kwanza, kisha kitabu, kisha mwaka. Ukiacha lile jina la namba ambalo simu hulipa lenyewe, baada ya miezi sita hutajua ni nini.

Halafu faili hilo lisikae mahali pamoja. Hili nalisema kwa maumivu. Nilikuwa na diski ya nje iliyobeba kazi ya miaka saba: picha za magazeti ya zamani, vijitabu vya makanisa ya Ugogoni, hotuba. Ilianguka kutoka kwenye kiti. Ilikuwa kimo cha magoti, na haikuwaka tena. Fundi alijaribu wiki mbili. Baadhi ya vile vijitabu nilikuwa nimevirudisha kwa wenyewe, na wenyewe wamekwisha kufariki. Tangu siku hiyo kila kitu changu kina nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski nyingine inayokaa nyumbani kwa dada yangu Makole, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google wanatoa GB 15 bure. Riwaya ya EPUB haifiki hata MB chache, kwa hiyo nafasi hiyo inabeba vitabu vya maneno kwa maelfu. Picha ulizopiga mwenyewe ni nzito zaidi, zipakie ukiwa na WiFi ya chuo badala ya kumaliza bando. Flashi usiiamini kwa kitu cha kudumu. Ni chombo cha kubebea, ukishafika ushushe mzigo.

Umebaki na lile sanduku na ile kamusi. Vilivyoliwa usivitupe leo. Vitandaze kwenye kivuli chenye upepo siku tatu nne. Mchwa waliobaki watakufa kwa ukavu. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye kurasa wala usipake mafuta ya taa, vitaacha madoa yasiyotoka. Udongo ukikauka uondoe kwa brashi laini ya rangi, ukielekeza kutoka katikati kwenda nje. Usifute kwa kitambaa kilicholowa. Na tafadhali, selotepu iweke mbali: baada ya miaka michache gundi yake inageuka njano na kula karatasi uliyotaka kuiokoa. Kamusi iliyoachia kurasa ifunge kwa utepe wa kitambaa cha pamba na uilaze ndani ya boksi safi.

Kamusi ya baba usiisafirishe na mizigo. Ibebe mkononi. Kabla ya kuhama, piga picha kila ukurasa wenye mwandiko wake, hata ulioliwa nusu, kwa mwanga wa kutoka ubavuni, maana kalamu ikikandamiza karatasi huacha mfereji na mwanga wa pembeni huuonyesha hata wino ukiwa umefifia. Kisha mpe binti yako kazi hii, na nadhani ataipenda kuliko unavyofikiri: aandike kwenye kompyuta kila neno la Kigogo alilolikuta, neno la Kiswahili lililo kando yake, na namba ya ukurasa. Pale msipoelewa mwandiko, msikisie. Waulizeni wazee wa kwenu waliomfahamu, mkiwasomea kwa sauti. Maneno mengine watayakumbuka kwa kuyasikia kabla hawajayaona.

Mkishamaliza, andikeni orodha ya kurasa zilizoliwa kabisa. Toleo hilo la 1981 bado liko katika baadhi ya maktaba na kwa walimu waliostaafu, na namba za kurasa za matoleo yaliyofuata hazilingani nalo, kwa hiyo usikubali mtu akupe kurasa za toleo jipya. Njoo na orodha siku ukipita Dodoma kuelekea Mpwapwa, tuanze kuitafuta nakala nzima. Mwandiko wa baba uliokwisha kuliwa hatutaupata, lakini kurasa zilizobaki zitakuwa na mahali pa kukaa.